Kabureta ya Gari Kongwe: Ikarabatiwe au Ibadilishwe?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka uliokwisha kuchakaa. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Anayeonywa katika methali hii anaijua vyema tofauti baina ya kikuukuu na kipya, lakini anaijua kwa macho tu, hajaijua kwa matumizi. Onyo hili huwafaa sana wenye magari ya zamani. Injini ianzapo kukohoa na kunywa mafuta kupita kiasi, kidole cha lawama huelekezwa kwa kabureta, chombo kilichojaa masizi na kutu ya miaka arubaini au hamsini. Dukani kuna kabureta mpya inayong'aa. Swali huwa moja: ile kuukuu ikarabatiwe, au itupwe na mpya ichukue nafasi yake?

Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo. Mfano utakaotumiwa ni gari la Volkswagen Beetle na kabureta zake za Solex. Gari hili limechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, liliundwa kwa wingi mno: hadi la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003, yalikuwa yameundwa zaidi ya milioni 21. Pili, lina historia yake katika Afrika Mashariki. Mbio za Safari zilianza mwaka wa 1953, na Volkswagen iliibuka mshindi katika miaka ya 1954, 1957 na 1962, kwenye barabara za vumbi na matope zilizoyashinda magari yenye nguvu kuiliko. Hoja kuu ya makala ni kwamba kabureta haitengenezwi ijitegemee. Hupimwa ili ipatane na injini yake, na hata na mahali gari linapotumika. Kwa hivyo, ukarabati ndio unaostahili kutangulia, na ubadilishaji uje tu pale ambapo chuma chenyewe kimekwisha.

Kazi ya kabureta

Petroli haiwaki ipasavyo ndani ya injini mpaka igeuzwe ukungu na kuchanganywa na hewa kwa kipimo maalumu. Kwa uzani, kilo 1 ya petroli huhitaji takribani kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Kwa ujazo, lita 1 ya petroli huhitaji kiasi cha lita 9,000 za hewa ya pwani. Kabureta ndiyo mpimaji wa mchanganyiko huo, na huifanya kazi hiyo bila umeme wa kuiongoza wala kompyuta ya kuifikiria.

Siri yake imo katika koo. Hewa inayofyonzwa na injini hupitishwa kwenye tundu lililobanwa katikati. Ifikapo hapo huongeza kasi, na kanieneo yake hupungua. Kanuni hii ilielezwa na Daniel Bernoulli mwaka wa 1738, na Giovanni Battista Venturi akaichunguza zaidi katika kazi aliyoichapisha mwaka wa 1797. Kwa kuwa kanieneo kooni imeshuka, petroli hunyanyuliwa kutoka katika kisima chake na kunyunyizwa ndani ya hewa ipitayo. Wilhelm Maybach, mhandisi Mjerumani, aliunda kabureta ya kunyunyiza ya namna hii mwaka wa 1893, na nyingi zilizofuata zilijengwa juu ya msingi huo.

Sehemu zake muhimu ni chache. Kisima cha mafuta huhifadhi petroli kidogo. Ndani ya kisima mna boya, ambalo hupanda petroli inapojaa na kuisukuma sindano izibe njia ya kuingilia. Jeti ni vizibo vya shaba vyenye matundu madogo yaliyotobolewa kwa kipimo. Jeti yenye namba 125 ina tundu la milimita 1.25. Iko jeti kuu ya mwendo wa kawaida, na iko jeti ya mwendo mdogo inayoilisha injini gari likiwa limesimama. Pampu ndogo yenye kiwambo hurusha petroli ya ziada dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Choki huzuia hewa asubuhi injini ingali baridi. Chini kabisa kuna kilango, yaani kisahani kinachozunguka juu ya mhimili wa chuma, ambacho hufunguka na kujifunga kwa kufuata mguu wa dereva.

Katika kabureta ya aina ya 30 PICT, iliyofungwa kwenye Beetle nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1960, namba 30 hutaja kipenyo cha mdomo wa chini kwa milimita, na koo lake lina milimita 24. Injini ndogo za awali zilipewa 28 PICT, na zile kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikapewa 34 PICT-3. Namba hizi si mapambo. Kila moja ilichaguliwa kulingana na ukubwa wa silinda, bomba la kuingizia hewa na distribyuta ya injini inayohusika.

Lugha ya dalili

Mafundi wa jua kali wana msamiati tajiri wa kueleza maradhi ya injini, na wapenzi wa Kiswahili wangefaidika kuusikiliza. Gari hukohoa, hukosa pumzi, hunywa mafuta, humisi. Takriban maneno yote haya yametolewa katika mwili wa binadamu, na kila moja lina maana mahususi.

Injini ikikohoa kwa kupiga mshindo kupitia kabureta, mara nyingi mchanganyiko una hewa nyingi kuliko petroli. Gari likinywa mafuta na kutoa moshi mweusi, petroli imezidi. Likikosa pumzi kwa nukta moja tu dereva anapokanyaga mafuta, kisha likaondoka vizuri, kiwambo cha pampu ya kuongeza kasi kinashukiwa. Likikataa kutulia linaposimama, ila likaenda vyema barabarani, huenda jeti ya mwendo mdogo imeziba au hewa inaingia mahali pasipostahili.

Plagi nazo husema. Plagi yenye rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Nyeusi yenye masizi makavu huashiria petroli nyingi. Nyeupe kama chokaa huashiria hewa nyingi, na hili ndilo la kuogopwa zaidi, kwa sababu mchanganyiko wenye upungufu wa petroli huongeza joto ndani ya silinda. Injini ya Beetle hupozwa kwa hewa, haina maji ya kuipunguzia homa. Ikiendeshwa hivyo kwa safari ndefu, vali na pistoni huweza kuungua. Kosa la kabureta ya bei ndogo huweza kuiua injini ya bei kubwa.

Uchunguzi kabla ya bisibisi

Kabureta husingiziwa makosa mengi ambayo si yake. Kabla ya kuifungua, ni sharti vitu vingine vipimwe kwanza: plagi, pointi za distribyuta, majira ya kuwasha, nafasi za vali na mbano wa kila silinda. Vali isiyojifunga sawasawa huifanya injini itetemeke vilevile kama jeti iliyoziba. Fundi anayeanza na kabureta pasipo kuvipima hivi ni sawa na mganga anayetoa dawa kabla ya kumtazama mgonjwa.

Pampu ya petroli ipimwe pia. Pampu ya asili ya Beetle husukuma mafuta kwa nguvu ndogo, kiasi cha bari 0.2 hivi. Ikiwa imewekwa pampu nyingine yenye nguvu zaidi, sindano hushindwa kuizuia petroli, kisima hufurika, na kabureta nzima huonekana mbovu ilhali haina hatia.

Hatimaye hufuata jaribio linaloamua mengi. Mhimili wa kilango hushikwa kwa vidole na kutikiswa juu na chini. Mhimili ni wa chuma kigumu, na mwili wa kabureta ni wa aloi laini. Kwa hivyo, baada ya miaka mingi ya kuzunguka, matundu yanayoushika mhimili hupanuka na kuwa ya mviringo usio kamili. Hewa hupenya hapo bila kupimwa. Mhimili usipocheza, kabureta hiyo karibu daima inaweza kurejeshewa uhai wake kwa usafi na vifaa vipya vidogo. Ukicheza sana, swali la kubadilisha huanza kuwa na uzito.

Ukarabati hatua kwa hatua

Kazi hii hufanyiwa nje, mbali na moto na sigara, betri ikiwa imefunguliwa waya, na kizimamoto cha unga kikiwa karibu. Tahadhari hii haijatiwa chumvi. Gamba la injini ya Beetle limeundwa kwa aloi ya magnesiamu, madini ambayo yakishashika moto ni vigumu mno kuyazima, na maji huyachochea.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, kabureta hupigwa picha kila upande, na namba za jeti zote huandikwa kwenye daftari. Hatua hii hupuuzwa na wengi, nao hujuta baadaye, kama itakavyoelezwa. Kisha kifuniko cha juu hufunguliwa, boya likatolewa, sindano na kiti chake vikafunguliwa, na jeti zikaondolewa moja moja kwa bisibisi inayokaa sawasawa. Shaba ni laini. Bisibisi isiyolingana huharibu kichwa cha jeti na kuigeuza kizibo kisichotoka.

Vipande vya chuma huoshwa kwa dawa ya kusafishia kabureta, na kila njia hupulizwa kwa hewa ya kompresa. Mpira na viwambo havitiwi katika dawa hiyo, kwa maana huvimba na kukauka. Tena, tundu la jeti halichokonolewi kwa waya kamwe. Waya hupanua tundu, na tundu likishapanuka hata kwa sehemu ndogo ya milimita, namba iliyochorwa juu yake hugeuka kuwa uongo.

Boya hutikiswa karibu na sikio. Likisikika petroli ndani yake, limetoboka na litazama, kisima kitafurika. Njia nyingine ni kulizamisha katika maji ya moto: vipovu vikitoka, tundu limejulikana. Ukingo wa kifuniko hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka, maana vifuniko vingi vimepinda kwa sababu mafundi waliotangulia walikaza skrubu kwa nguvu kupita kiasi. Kilichopinda kidogo husuguliwa taratibu kwa msasa uliotandazwa juu ya kioo.

Hapo ndipo vifaa vipya huingizwa: sindano na kiti chake, kiwambo cha pampu, na gasketi zote. Ikiwa mhimili unacheza, mwili hupelekwa kwa fundi wa kukereza, akayatoboa matundu yaliyochakaa kwa unyoofu na kuyavika bushi za shaba. Kazi hii hudai ustadi. Bushi zisipokaa katika mstari mmoja, kilango hukwama, na kilango kilichokwama kikiwa wazi ni hatari kwa uhai.

Jambo moja halipaswi kusahauliwa. Kibomba cha shaba kinachoingiza petroli kwenye kifuniko kimepachikwa kwa kubanwa tu, na katika kabureta kuukuu huweza kulegea na kuchomoka. Kikichomoka injini ikizunguka, petroli humwagikia juu ya vyuma vya moto, nyuma ya abiria. Kibomba kinachozungushika kwa vidole hukazwa upya au hubadilishwa kabla ya gari kutoka nje ya lango. Mipira ya petroli iliyopasuka nayo hubadilishwa siku hiyohiyo, pamoja na vibanio vyake.

Marekebisho ya mwisho hufanywa injini ikiwa imepata joto. Mwendo mdogo huwekwa kati ya mizunguko 800 na 900 kwa dakika, kisha skrubu ya mchanganyiko ikazungushwa polepole hadi injini itulie na kuzunguka kwa ulaini. Anayeharakisha hapa hupoteza kazi yote ya awali.

Ubadilishaji na gharama zake

Ziko hali ambapo ukarabati haufai. Mwili uliopasuka, meno ya skrubu yaliyoliwa kabisa, au injini iliyobadilishwa na kuwekwa kubwa zaidi, yote haya ni sababu halali za kutafuta kabureta nyingine. Mwenye gari ana njia tatu.

Ya kwanza ni kutafuta kabureta ya asili iliyotumika, ya aina ileile, na kuikarabati. Hii ndiyo njia bora, ingawa huhitaji subira. Ya pili ni kununua nakala mpya ya Solex. Nakala hizi hufanana na za asili kwa umbo, lakini ubora wake hutofautiana. Inayonunuliwa hufunguliwa na kuchunguzwa kama kuukuu kabla ya kufungwa, jeti zake zikasomwa na boya lake likapimwa. Ya tatu ni kuweka kabureta ya muundo mwingine, kama vile Weber 34 ICT, ambayo wengi wameifunga kwenye injini za Beetle. Kabureta hii ni rahisi kuihudumia, na jeti zake hupatikana kwa namba nyingi.

Hata hivyo, kila anayebadilisha aelewe kwamba anabadilisha zaidi ya chombo kimoja. Distribyuta nyingi za Beetle huongozwa na ombwe linalotoka kwenye kabureta kupitia mrija mwembamba. Ombwe hilo ndilo linaloiambia distribyuta lini iwahi kutoa cheche. Kabureta mpya isipotoa ombwe kwa kipimo kilichotarajiwa, cheche hukosa majira yake. Vivyo hivyo, aliyeiacha kabureta ya 34 PICT-3 mahali pake lakini akaondoa distribyuta yake na kuweka isiyotumia ombwe, hukuta gari likikosa pumzi kila linapoondoka. Huilaumu kabureta, akainunua nyingine, na ugonjwa ukabaki palepale. Isitoshe, 34 haikai juu ya bomba la kuingizia la 30 bila kipande cha kuunganishia, na kila kiungo kinachoongezwa ni mlango mwingine wa hewa kupenya.

Kwa wanaotunza magari kwa ajili ya maonyesho, kuna hasara nyingine. Gari kongwe huthaminiwa pia kwa uasilia wa sehemu zake. Kabureta iliyoondolewa, hata ikiwa mbovu, isiuzwe kwa vyuma chakavu. Ifungwe vizuri, iandikwe namba ya gari, ihifadhiwe. Huenda atakayelirithi gari akapata fundi na kifaa ambavyo leo havipatikani.

Pwani na bara

Kuna jambo ambalo vitabu vingi vya Ulaya hulitaja kwa ufupi, nalo ni kubwa nchini Kenya. Nairobi iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani sehemu moja ya sita. Timboroa, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, iko juu zaidi, mita 2,700 na ushei. Kabureta haijui mwinuko. Koo lake hufyonza petroli karibu kana kwamba hewa ingali nzito, na matokeo yake ni mchanganyiko wenye petroli nyingi: moshi mweusi, plagi zenye masizi, na fedha zinazoteketea bure.

Dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Kushuka kutoka jeti ya 125 hadi 120 hupunguza eneo la tundu kwa takribani asilimia 8, kiasi kinachokaribia kuifidia tofauti ya hewa baina ya Mombasa na Nairobi. Mabadiliko hayo yakielekea upande wa pili ndiyo yenye hatari. Gari lililowekewa jeti za nyanda za juu likiteremshwa hadi pwani huwa na upungufu wa petroli, na joto la silinda hupanda.

Hapa ndipo umuhimu wa lile daftari unapobainika. Kabureta kuukuu iliyokaa Nairobi kwa miaka thelathini huenda ilikwisha kurekebishwa na fundi asiyejulikana jina, aliyezichagua jeti zake kwa kusikiliza injini na kutazama plagi. Ujuzi wake wote umehifadhiwa katika namba mbili au tatu zilizochorwa kwenye shaba. Anayeitupa kabureta hiyo bila kuzisoma ameitupa kazi ya fundi huyo pamoja nayo. Kabureta mpya kutoka dukani huja na jeti za kiwandani, zisizoijua Limuru wala Likoni.

Hitimisho

Magari mapya yaliachana na kabureta hasa katika miaka ya 1980 na 1990, na hata Beetle za Mexico zikapewa mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta. Mafundi waliolelewa na kabureta wanazeeka, na vijana wengi hufundishwa kusoma mitambo ya kielektroniki. Kwa hivyo, kila kabureta inayofunguliwa kwa utaratibu, ikaandikwa na kufungwa tena, ni somo linalookolewa. Ni somo la lugha pia: koo, boya, sindano, kiwambo na kilango ni maneno yanayoweza kubeba maarifa haya bila kigugumizi, mradi yatumiwe na kuandikwa.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzoni si gumu. Dalili zisomwe, vingine vipimwe kwanza, mhimili utikiswe, namba ziandikwe. Mwili ukiwa mzima, kabureta ikarabatiwe. Mwili ukiwa umekwisha, ibadilishwe kwa inayopatana na injini, distribyuta na mwinuko wa mahali. Mbacha hautunzwi kwa sababu ni mkuukuu, bali kwa kuwa umekwisha kukubaliana na sakafu ulipotandikwa.